Prazikwanteli: Dawa Moja Inayobeba Mzigo wa Kichocho

Prazikwanteli ni kidonge cheupe chenye miligramu 600, kirefu kiasi, kilichochorwa mistari ili kikatike vipande kwa urahisi. Ndiyo dawa inayotibu aina zote kuu za kichocho zinazompata binadamu, na kwa zaidi ya miaka 40 haijapata mshindani wa kweli. Hospitalini na kwenye zahanati hutolewa kwa cheti, baada ya vipimo. Shuleni, katika kampeni za kingatiba, hutolewa na walimu waliofunzwa, mbele ya ndoo ya maji na mti wa kupimia urefu.

Mtu anayeingia duka la dawa na kuomba "dawa ya minyoo" kwa kawaida hupewa albendazoli au mebendazoli. Hizo huua michango, minyoo ya safura na mjeledi, yaani minyoo ya mviringo inayoishi ndani ya utumbo. Mnyoo wa kichocho hauishi utumboni. Makazi yake ni ndani ya mishipa ya damu, na albendazoli haitoshi kuuondoa. Prazikwanteli nayo haiui michango wala safura. Ndiyo maana watoto wa shule hupewa dawa zote mbili, na ndiyo maana mzazi anayesema mwanawe "alishakunywa dawa ya minyoo" hana budi kuulizwa ni ipi. Zaidi ya kichocho, prazikwanteli hutibu tegu, na huko Asia hutibu minyoo ya ini inayopatikana kwa kula samaki wabichi wa maji baridi. Mnyoo bapa wa ini unaoshambulia ng'ombe na kondoo, na mara nyingine binadamu, ni ndugu wa karibu wa mnyoo wa kichocho, lakini prazikwanteli haiuwezi. Huo una dawa yake, triklabendazoli.

Kazi ya dawa hii haieleweki bila kumjua adui wake. Mwaka 1851 daktari Mjerumani Theodor Bilharz, akifanya kazi katika hospitali ya Kasr al-Ainy mjini Cairo, alikuta minyoo hiyo ndani ya mishipa ya damu ya maiti aliyokuwa akiichunguza. Mnyoo dume una mfereji kifuani ambamo jike hukaa, na wawili hao huishi hivyo kwa miaka kati ya mitatu na kumi, mara nyingine zaidi sana. Aina mbili ndizo zinazosumbua Afrika Mashariki. Schistosoma haematobium hukaa kwenye mishipa inayozunguka kibofu na kuleta kichocho cha mkojo. Imeenea ukanda wa pwani, Unguja na Pemba, na sehemu nyingi za bara zenye malambo na mashamba ya mpunga. Schistosoma mansoni hukaa kwenye mishipa ya utumbo na kuleta kichocho cha tumbo. Imetawala mwambao na visiwa vya Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, Kenya na Uganda.

Madhara hayaletwi na mnyoo wenyewe bali na mayai yake. Jike la mansoni hutaga mamia kwa siku. Yanayofika kwenye mkojo au choo hutoka nje, na yakiangukia maji baridi huanguliwa, hutafuta konokono wa aina maalumu, na baada ya wiki kadhaa konokono huyo huachia viluwiluwi wenye mkia wanaopenya ngozi ya anayeoga, kufua, kuvua au kulima mpunga. Lakini karibu nusu ya mayai hayatoki mwilini. Hunasa kwenye kuta za kibofu, utumbo na ini, mwili huyazingira kwa uvimbe, kisha makovu. Miaka ikipita, mwenye kichocho cha mkojo anaweza kuziba njia za mkojo, kuharibika figo, hata kupata saratani ya kibofu. Mwenye kichocho cha tumbo anaweza kuvimba ini na bandama, tumbo likajaa maji, na mishipa ya umio ikapasuka hadi akatapika damu. Wavuvi wengi wa Ziwa Victoria wamekufa hivyo wakiwa bado na nguvu za kufanya kazi, na majirani wakidhani wamerogwa.

Kabla ya prazikwanteli, tiba ilikuwa adhabu. Mwaka 1918, huko Khartoum, daktari J. B. Christopherson alitangaza kwamba sindano za chumvi ya antimoni huua minyoo ya kichocho. Zilifanya kazi, lakini zilidungwa kwenye mshipa, mara nyingi kwa wiki kadhaa mfululizo, huku mgonjwa akitapika na moyo wake ukitishika. Misri ilizitumia kutibu mamilioni ya watu kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa sindano za vioo zilizotumika kwa mtu baada ya mtu bila kuchemshwa ipasavyo. Virusi vya homa ya ini aina ya C vilisambaa kupitia sindano hizo, na Misri ikawa nchi yenye maambukizi mengi kuliko zote duniani. Vijiji vilivyokwenda kutibiwa ugonjwa mmoja vilirudi na mwingine, uliogunduliwa miongo kadhaa baadaye. Dawa zilizofuata zilipunguza mateso bila kumaliza tatizo: metrifonati ilifaa kwa kichocho cha mkojo tu, oksamnikwini kwa kile cha tumbo tu.

Prazikwanteli ilizaliwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakemia wa kampuni ya Merck ya Darmstadt waliunda jamii ya kemikali wakitarajia kupata dawa za kutuliza akili. Kwa kazi hiyo hazikufaa, lakini kampuni ya Bayer ilipozijaribu dhidi ya minyoo ya wanyama, mojawapo ilionekana kuwa na nguvu zisizo za kawaida. Mwishoni mwa muongo huo Shirika la Afya Duniani lilishirikiana na Bayer kuijaribu kwa wagonjwa wa kichocho huko Zambia, Brazil, Japani na Ufilipino. Matokeo yalibadilisha tiba ya ugonjwa huu moja kwa moja: vidonge vya siku moja viliondoa kile ambacho sindano za wiki kadhaa zilikuwa zikihangaika nacho.

Tatizo likawa bei. Dawa ilikuwa ghali mno kwa wizara za afya za nchi zilizoihitaji zaidi. Mwaka 1983 kampuni ya Shin Poong ya Korea Kusini, nchi iliyokuwa ikisumbuliwa na minyoo ya ini, ilipata njia nyingine ya kuitengeneza kwa gharama ndogo, na ushindani uliofuata ulishusha bei mpaka kidonge kimoja kikauzwa kwa senti chache za dola. Historia ya dawa hii huandikwa zaidi kwa majina ya Wajerumani walioigundua. Waliofanya iwafikie maskini wanastahili kutajwa kwa sauti ileile.

Ndani ya mwili, kazi yake ni ya haraka. Dawa hufyonzwa utumboni na kuingia kwenye damu, na mnyoo ukiguswa nayo hukakamaa ndani ya dakika chache. Kinachotokea ni kwamba chembe za madini ya kalisi humiminika kwenye misuli ya mnyoo. Misuli hujikaza na kushindwa kulegea. Wakati huohuo ngozi ya mnyoo huchubuka. Ngozi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiuficha mnyoo usitambuliwe na kinga ya mwili kwa miaka yote, na ikishapasuka, kinga huushambulia na kuumaliza. Mlango hasa ambao dawa hiyo hufungua kwenye seli za mnyoo haukujulikana hadi mwaka 2019, ulipotambuliwa na watafiti wa Marekani. Dawa ilikuwa imekwisha kuokoa mamilioni ya watu kwa takriban miaka 40 kabla ya mtu yeyote kueleza kwa usahihi inashika wapi.

Kinga ina sehemu yake katika ushindi huo, na umri wa mnyoo pia. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa. Viluwiluwi walioingia mwilini karibuni, kati ya wiki moja na wiki tano hivi, huponyoka. Kwa hiyo mtu aliyeoga ziwani wiki iliyopita na kukimbilia kidonge leo hafaidiki sana. Tiba hufaa zaidi wiki sita hadi nane baada ya kugusa maji yenye maambukizi. Na mtu anayeishi penye maambukizi ya kila siku huwa na minyoo ya umri mbalimbali kwa wakati mmoja, wakubwa wakifa na wadogo wakiendelea kukua. Hii ndiyo sababu mojawapo ya mayai kuonekana tena miezi miwili baada ya dozi kamili, jambo ambalo wagonjwa wengi hulieleza kuwa dawa ilikuwa feki.

Vipimo vya kichocho ni vya kawaida na havihitaji hospitali kubwa. Mkojo huchukuliwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi, kisha huchujwa na kutazamwa kwa darubini. Yai la haematobium lina mwiba kwenye ncha, la mansoni lina mwiba ubavuni, na fundi wa maabara mwenye uzoefu huyatofautisha papo hapo. Kwa kichocho cha tumbo hupimwa choo. Kuonekana kwa damu kwenye mkojo wa mvulana ni dalili ya kutosha kumpeleka zahanati, ingawa katika jamii nyingi za Afrika zinazoishi na ugonjwa huu damu hiyo imezoeleka hata ikachukuliwa kuwa hatua ya kukua.

Dozi kwa aina zote mbili za Afrika Mashariki ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, mara moja. Hesabu yake ni rahisi kwa kidonge cha miligramu 600: kidonge kimoja kwa kila kilo 15. Mtoto wa kilo 30 humeza viwili, mtu mzima wa kilo 60 humeza vinne. Vidonge vinne vikubwa kwa mkupuo mmoja huwashtua wengi, na wapo wanaomeza viwili na kuficha vingine mkononi. Dozi pungufu huacha minyoo hai. Aina ya Asia, japonicum, huhitaji miligramu 60 kwa kilo, na tegu huondoka kwa kiasi kidogo zaidi.

Kula kwanza ni sehemu ya tiba. Chakula huongeza kiasi cha dawa kinachoingia kwenye damu, na pia hupunguza kichefuchefu. Kidonge humezwa kwa maji bila kutafunwa, kwa sababu uchungu wake ni mkali kiasi cha kumfanya mtu atapike palepale. Baada ya kumeza, saa chache zinazofuata zinaweza kuleta maumivu ya tumbo, kichwa kuuma, kizunguzungu, usingizi au kuharisha. Maudhi haya huisha yenyewe. Mwenye minyoo mingi ndiye huyasikia zaidi, kwa kuwa sehemu ya maudhi hutokana na minyoo inayokufa. Dereva, bodaboda na anayefanya kazi na mashine wapumzike siku hiyo na siku inayofuata.

Yapo mambo machache ambayo mtoa dawa hana budi kuyauliza. La kwanza ni rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Hii huliamsha ini liivunje prazikwanteli haraka mno hadi isibaki ya kutosha kuua mnyoo, na kwa hiyo hazitumiki pamoja. Baadhi ya dawa za kifafa hufanya vivyo hivyo kwa kiasi fulani. La pili ni mabuu ya tegu la nguruwe. Mabuu hayo yanapokuwa ndani ya jicho, prazikwanteli hairuhusiwi kabisa, kwani kufa kwao kunaweza kupofusha. Yanapokuwa kwenye ubongo, dawa inaweza kuamsha degedege. Hilo si jambo la nadharia kwa Tanzania: nyanda za juu kusini na Mbulu kuna ufugaji wa nguruwe na tegu lake, na penye kifafa kisichoelezeka, mganga makini huuliza kabla ya kumpa mtu vidonge vya kichocho.

Kuhusu ujauzito, msimamo umebadilika. Kwa miaka mingi wajawazito waliachwa nje kwa tahadhari, na kwa kuwa wanawake wengi wa vijijini huwa wajawazito au wananyonyesha kwa sehemu kubwa ya ujana wao, tahadhari hiyo iliwanyima tiba kwa miaka mingi mfululizo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2002 watibiwe. Majaribio yaliyofanyika baadaye Uganda na Ufilipino hayakuonyesha madhara kwa mama wala mtoto, na mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2022 unaruhusu tiba baada ya miezi mitatu ya kwanza, na kwa wanaonyonyesha.

Kupima kila mtu katika vijiji vya maelfu ni ghali kuliko dawa yenyewe. Kwa sababu hiyo mwaka 2001 Baraza la Afya Duniani lilihimiza kingatiba kwa watoto wa shule, yaani kutoa dawa kwa wote wa eneo lenye maambukizi bila kumpima mmoja mmoja. Tanzania na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi sita za kwanza kusaidiwa na mpango uliokuwa na makao yake Imperial College ya London. Kuanzia 2007 Merck imekuwa ikitoa dawa bure kupitia Shirika la Afya Duniani, na ahadi yake ikapanda hadi vidonge milioni 250 kwa mwaka. Kwa kuwa mizani ni adimu shuleni, mti wa kupimia urefu huchukua nafasi yake: mtoto mwenye sentimita 94 hupata kidonge kimoja, na idadi huongezeka kadiri alama zinavyopanda, hadi vitano kwa mtu wa sentimita 178 na zaidi.

Kampeni hizi zimefaulu pale zilipoelezwa vizuri. Mwaka 2008 huko Morogoro, uvumi kwamba watoto walikuwa wanakufa kwa dawa uliwafanya wazazi wavamie shule, na ugawaji ukasimamishwa. Watoto walikuwa wametapika na kulegea, kama inavyotarajiwa kwa waliomeza vidonge wakiwa na njaa, lakini hakuna aliyekuwa amewaambia wazazi watarajie nini. Kosa hilo lilikuwa la wapangaji, si la wazazi. Mzazi anayemwona mwanawe anapepesuka baada ya kupewa dawa asiyoijua ana haki ya kukimbilia shuleni. Uji kabla ya vidonge na mkutano wa wazazi wiki moja kabla vimekuja kuonekana kuwa vya lazima kama dawa yenyewe.

Unguja na Pemba ndiko swali la kikomo cha uwezo wa dawa lilikoulizwa kwa uwazi zaidi. Mradi wa kutokomeza kichocho ulioanza huko mwaka 2011 ulitoa prazikwanteli mara mbili kwa mwaka kwa watu wote, shuleni na nyumba kwa nyumba. Shehia zilizoshiriki, 45 katika kila kisiwa, ziligawanywa makundi matatu: baadhi zilipata dawa pekee, nyingine dawa pamoja na kuua konokono, na nyingine dawa pamoja na elimu, sehemu za kufulia na vyoo karibu na mabwawa. Maambukizi yalishuka hadi chini ya asilimia 5 katika shehia nyingi, kiwango ambacho kizazi kilichotangulia kisingekiamini. Hata hivyo hayakuisha. Shehia chache zilibaki na ugonjwa, na ugawaji ulipokatika kwa muda baadaye, baadhi yake zilipanda tena. Dawa husafisha mwili wa mtu; haigusi bwawa, wala konokono aliyemo, wala haimpatii mama bomba la maji.

Walioachwa nyuma na mfumo wa shule ni wengi. Mvuvi, mchimba mchanga, mama anayefua mtoni na kijana aliyeacha masomo hawapo darasani siku ya kingatiba. Mwongozo wa 2022 sasa unataka watu wote kuanzia miaka miwili wapewe dawa kila mwaka pale maambukizi yanapofikia asilimia 10. Kwa wanawake, kuchelewa kuna gharama ya kipekee. Mayai ya kichocho cha mkojo hunasa pia kwenye shingo ya kizazi, uke na mirija ya uzazi, na inakadiriwa wanawake na wasichana milioni 56 barani Afrika wana hali hiyo. Huleta maumivu, kutokwa damu na ugumba, na imehusishwa na hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Mara nyingi huchukuliwa kuwa ugonjwa wa zinaa; mwanamke hupewa antibiotiki zisizomsaidia na jina baya asilostahili. Prazikwanteli huua minyoo yake, lakini makovu yaliyokwisha kufanyika hayafutiki kwa urahisi. Msichana anayetibiwa utotoni ndiye anayeokolewa.

Na watoto wachanga walisahauliwa kwa muda mrefu kuliko wote. Mama anayefua ziwani huenda na mwanawe, humwogesha papo hapo, na mtoto huambukizwa kabla ya kuanza kutembea vizuri. Takriban watoto milioni 50 walio chini ya umri wa shule wanakadiriwa kuhitaji tiba. Kidonge cha miligramu 600, kikubwa na kichungu, hakikutengenezwa kwa koo zao. Wauguzi walikisaga na kukichanganya na juisi, wakikadiria kwa macho, na nusu ilitemwa. Sehemu ya uchungu huo ina chanzo kinachojulikana: prazikwanteli ni mchanganyiko wa molekuli za aina mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, moja ikiua mnyoo, nyingine ikiongeza ukubwa wa kidonge na uchungu pasipo kufanya kazi. Muungano wa taasisi ulioanzishwa mwaka 2012 ulitoa aina isiyofaa, ukabakiza inayofaa, na kupata arprazikwanteli, kidonge kidogo cha miligramu 150 kinachoyeyuka kwenye maji na kustahimili joto. Kilijaribiwa kwa watoto wa Kenya na Côte d'Ivoire wenye umri kuanzia miezi mitatu hadi miaka sita. Wakala wa Dawa wa Ulaya ulikiunga mkono Desemba 2023, na Shirika la Afya Duniani likakithibitisha Mei 2024. Tangu prazikwanteli ya kwanza ianze kuuzwa, watoto wa umri huo walikuwa wamesubiri zaidi ya miaka 40.

Kutegemea dawa moja kuna hatari yake. Katika maabara, minyoo ikipewa dozi ndogondogo vizazi kwa vizazi huzaa minyoo sugu. Oksamnikwini ilikwisha kukutana na minyoo sugu huko Brazil. Kwa prazikwanteli, wasiwasi uliibuka miaka ya 1990 Misri na kaskazini mwa Senegal, ambako bwawa la Diama lililokamilika mwaka 1986 lilileta konokono na mlipuko mkubwa wa kichocho. Wengi hawakupona kwa dozi ya kawaida. Uchunguzi wa Senegal ulielekeza zaidi kwenye wingi wa minyoo na uchanga wake kuliko usugu, na hadi sasa usugu ulioenea haujaonekana popote. Artemeta, ya jamii ya dawa za malaria, huua minyoo michanga ambayo prazikwanteli huiacha, na imejaribiwa sambamba nayo, ila kuitumia ovyo penye malaria kungehatarisha dawa nyingine muhimu. Chanjo zipo kwenye majaribio, mojawapo ya Brazil ikiwa imejaribiwa Senegal.

Hadi hapo, kinachowezekana ni kuchunguza. Mayai huhesabiwa kabla ya dawa, kisha huhesabiwa tena kwa watu walewale wiki mbili hadi tatu baadaye, kabla minyoo michanga iliyoponyoka haijaanza kutaga. Idadi ikishuka kwa asilimia 90 au zaidi, dawa bado inafanya kazi yake. Ikishuka kwa kiasi cha chini ya hapo, wasimamizi huanza na maswali ya kawaida: ubora wa vidonge, usahihi wa mti wa kupimia, nani alikula na nani alitapika, na nani alificha vidonge mkononi.